Mafindofindo na Kisu: Historia ya Koo Linalouma Kati ya Ruiru na Thika

Findo ni tezi iliyo pembeni mwa koo, moja kushoto na moja kulia, nyuma kidogo ya shina la ulimi. Mtoto akipanua kinywa na kusema "aaa", zote mbili huonekana kama walinzi wa mlangoni, na katikati yao kimeo kinaning'inia. Kazi ya findo ni kupambana na vijidudu vinavyoingia kwa chakula na kwa pumzi, ili mwili uvijue mapema na kujiwekea kinga. Kazi hiyo ni nzito zaidi utotoni. Baada ya kubalehe, findo hunywea polepole. Lakini mlinzi naye hushambuliwa. Findo zikivimba, zikawa nyekundu na kuota madoa meupe ya usaha, wazazi wa Thika na Ruiru husema mtoto ana tonsili. Kamusi za Kiswahili huuita ugonjwa huo mafindofindo.

Swali la kama findo zikatwe au ziachwe lina umri wa karibu miaka 2000, na jibu lake limegeuka mara nyingi. Katika miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu, swali hilo lilipofika lilikuta kisu kingine kikijulikana tayari katika nchi za Afrika Mashariki, kisu cha kimeo, na mpaka leo habari za visu hivyo viwili huchanganywa.

Kabla ya reli na mashamba ya walowezi, nchi iliyo kati ya mto Ruiru na mito ya Chania na Thika ilikuwa mahali pa kukutana. Wakikuyu walilima kwenye miinuko ya magharibi, Wamaasai walichunga kwenye mbuga, na Wakamba waliishi upande wa mashariki, ng'ambo ya Ol Donyo Sabuk. Koo lililouma lilitibiwa kwa miti. Unaojulikana zaidi ni ule ambao Wakikuyu huuita muthiga na Wamaasai osokonoi. Gome lake huwasha kama pilipili. Mgonjwa hulitafuna taratibu na kumeza mate yake, na ukali wake hupunguza maumivu kwa muda. Gome hilo bado linauzwa na wauza miti shamba katika masoko ya Kenya.

Kisu cha kimeo ni habari nyingine. Katika jamii nyingi za Kenya na Tanzania, mtoto aliyekohoa mfululizo, aliyetapika maziwa au aliyekataa kunyonya aliambiwa ana kimeo, yaani kile kinyama kinachoning'inia kimerefuka mno na kinamkereketa koo. Akapelekwa kwa fundi. Mama alimpakata mtoto na kumshika mikono. Fundi akaukandamiza ulimi, akakikata kimeo kwa kisu kidogo kilichopindwa ncha, kisha akatia dawa ya majani. Kazi yote haikuchukua dakika moja.

Sababu ya desturi hiyo kudumu si ngumu kueleza. Kikohozi na maumivu ya koo vya watoto, mara nyingi, huletwa na virusi vya mafua, navyo huondoka vyenyewe baada ya siku kadhaa hata mtoto asipofanyiwa chochote. Kimeo kikikatwa siku ya tano, nafuu ya siku ya nane huhesabiwa kuwa kazi ya kisu. Lakini madhara yake si ya kubahatisha. Watoto wamevuja damu nyingi, jeraha limeingia usaha, wengine wamepatwa na pepopunda; na kisu kimoja kikipita kinywa hadi kinywa hubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Hasara nyingine haionekani kwa macho: mtoto mwenye nimonia au kifua kikuu anakatwa kimeo, na wiki mbili za kutibiwa zinapotea. Kimeo chenyewe hakina kosa lolote. Husaidiana na kaakaa laini kuziba njia ya pua mtu anapomeza, chakula kisipande puani.

Thika ya leo ilianza kuchipuka mwanzoni mwa karne ya 20. Hoteli ya Blue Posts, iliyo karibu na maporomoko ya Chania, ilianzishwa mwaka 1908. Reli kutoka Nairobi ilifika mwaka 1913, na mwaka 1924 Thika ikatangazwa kuwa mji. Mashamba ya mkonge na kahawa yakaenea pande zote hadi Ruiru, ambako baadaye kilijengwa kituo cha utafiti wa kahawa, kilichotoa mwaka 1985 aina ya mbegu inayoitwa Ruiru 11. Vibarua walitoka karibu na mbali, wakaishi kwa kubanana katika kambi za mashamba. Kubanana huko ni jambo la kushika, kwa sababu ndiko kunakopeleka vijidudu vya koo kutoka kinywa kimoja hadi kingine: kwa kukohoa, kwa kupiga chafya, kwa kikombe kimoja cha uji.

Wakati vibarua hao wakivuna mkonge, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa katika kilele cha mapenzi yao kwa kisu cha findo. Kisu hicho hakikuwa kipya. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alieleza namna ya kuikwangua findo iliyokakamaa kwa kidole mpaka ing'oke, au kuishika kwa ndoano na kuikata, kisha kuosha jeraha kwa siki. Kwa karne nyingi upasuaji huo uliogopwa, kwa sababu damu ya koo haizibwi kwa kitambaa kama damu ya mguu. Mwaka 1828, Philip Syng Physick wa Philadelphia alieleza chombo chenye pete ya kuizunguka findo na wembe unaoteleza kuikata kwa mpigo mmoja. Morell Mackenzie, daktari wa koo wa London, akaboresha chombo cha namna hiyo na kukieneza. Kazi iliyokuwa ya hatari na ya polepole sasa ikawa ya sekunde chache.

Wepesi huo ulileta pupa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilizuka nadharia kwamba usaha uliojificha kwenye findo na meno ndio chanzo cha maradhi ya viungo, ya figo, hata ya akili. Findo za watoto zikakatwa kwa maelfu, mara nyingi bila sababu zaidi ya kuonekana kubwa. Mwaka 1934 matokeo ya uchunguzi wa watoto 1000 wa shule mjini New York yalionyesha jinsi uamuzi huo ulivyokuwa dhaifu. Watoto 611 walikuwa wameshakatwa findo. Wale 389 waliobaki walipopelekwa kwa madaktari, 174 waliambiwa wakatwe. Wale 215 walioambiwa wako salama wakapelekwa kwa madaktari wengine ambao hawakujua habari za kwanza, nao wakachagua 99. Waliobaki, 116, wakaonwa kwa mara ya tatu, na 51 wakaambiwa wanahitaji kisu. Kati ya watoto 1000, ni 65 tu ambao hawakuwa wamekatwa wala kushauriwa kukatwa. Daktari aliangalia koo, lakini aliloona lilikuwa mazoea yake mwenyewe.

Mwaka 1938, daktari Mwingereza J. Alison Glover akachapisha hesabu za Uingereza. Watoto wa wilaya moja walikatwa findo mara nyingi kuliko wa wilaya jirani, bila tofauti ya hewa, chakula wala ugonjwa. Na watoto wa wenye nafasi walikatwa zaidi ya wa maskini. Katika eneo la Hornsey, watoto waliokatwa walishuka kutoka 186 mwaka 1928 hadi 12 mwaka 1929, baada ya kubadilishwa daktari wa shule. Afya ya watoto wa Hornsey haikuharibika.

Madaktari wa serikali na wa misheni waliokuja Kenya katika miaka hiyo wengi wao walisomea katika shule za udaktari za huko huko, Uingereza na Uskoti. Kwa Waafrika wa Thika, hata hivyo, hospitali zenye chumba cha upasuaji zilikuwa chache na za mbali. Misheni ya Kikuyu huko Thogoto ilikuwa na daktari John Arthur tangu 1907. Nairobi kulikuwa na hospitali ya wenyeji iliyoanza mwaka 1901 na vitanda 40, ambayo mwaka 1952 ilipewa jina la King George VI na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Zahanati zilizojengwa kwa fedha za mabaraza ya wenyeji, kuanzia miaka ya 1920, zilitibu vidonda, malaria na minyoo. Koo lililouma lilipata dawa ya kusukutua.

Jambo ambalo wakati huo lilikuwa bado halijaeleweka vizuri, huko ng'ambo na huku, ni kwamba hatari kubwa ya koo linalouma haiko kooni. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, lakini katika watoto kama 2 au 3 kati ya kila 10 wanaougua, chanzo ni bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A. Bakteria huyu akiachwa bila dawa, wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, mwili wa baadhi ya watoto hukosea shabaha: kinga iliyotengenezwa kumpiga bakteria hugeuka na kupiga viungo na vali za moyo. Ndiyo homa ya baridi yabisi. Goti huvimba na kuuma, likapoa. Kisha kiwiko, nacho kikapoa. Mzazi hufikiri yamekwisha, kumbe vali ya moyo imebaki na kovu, na kila shambulio jipya la koo huongeza kovu juu ya kovu. Miaka kumi baadaye, msichana aliyekuwa akikimbia shuleni anashindwa kupanda ngazi. Au akipata mimba, moyo unashindwa kubeba mzigo wa damu ya watu wawili.

Ushahidi kwamba moyo unaweza kuokolewa ulipatikana kambini. Katika kambi ya jeshi ya Fort Warren, jimbo la Wyoming, Marekani, vijana waliolala kwa safu katika mabweni waliambukizana streptokoka kila mara. Madaktari Floyd Denny, Lewis Wannamaker, Charles Rammelkamp na wenzao waliwapa baadhi ya wagonjwa penisilini na kuwalinganisha na wasiopewa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1950, kati ya askari 798 waliotibiwa, wawili tu walipata homa ya baridi yabisi; kati ya 804 wasiotibiwa, walioipata ni 17. Baadaye ikathibitika kuwa dawa hulinda moyo hata ikianza kutolewa siku ya tisa ya ugonjwa. Kwa hiyo muda upo. Na mpaka leo streptokoka huyu hajaishinda penisilini, jambo la nadra katika dunia ambamo vijidudu vingine vingi vimeshaizoea.

Hesabu hiyo ya kambini ingepaswa kusomwa kwa makini mno katika Kenya ya miaka ile. Kuanzia mwaka 1954, katika Hali ya Hatari ya wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya milioni 1 wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu, ikawakusanya katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika kwenye miinuko zikawa bega kwa bega. Maradhi yanayokwenda kwa pumzi hayahitaji zaidi ya hapo. Vijiji vingi vya aina hiyo havikufutika baada ya uhuru. Vimebaki kuwa vituo vya biashara na makazi ya watu hadi sasa.

Uhuru ulileta shule ya udaktari Nairobi mwaka 1967, na wataalamu wa masikio, pua na koo wakaanza kupatikana Kenyatta. Walikuwepo pia maafisa wa kliniki, ambao baada ya masomo ya ziada katika chuo cha mafunzo ya utabibu hubobea katika maradhi ya masikio na koo. Ni hao, zaidi ya daktari bingwa, wanaoyaangalia makoo ya watoto wa mashambani na mijini. Mwaka 1980 mpango wa taifa wa chanjo ulianza, na mojawapo ya shabaha zake ikawa dondakoo, ugonjwa unaotandaza utando wa kijivu kooni hadi mtoto akakosa pumzi. Chanjo hiyo, ambayo tangu 2001 imo ndani ya sindano moja ya maradhi matano, hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Vizazi vya wazazi vijana wa Thika na Ruiru havijawahi kuona koo la dondakoo, na ni kwa sababu ya sindano hiyo.

Katika miaka hiyo hiyo kisu cha findo kilipata kipimo cha kweli. Jack Paradise na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha mwaka 1984 utafiti wa watoto walioumwa koo mara nyingi mno: mara 7 au zaidi katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Haikutosha mzazi kusema koo liliuma. Kila shambulio lilipaswa kuwa limeandikwa na mganga, likiwa na homa ya nyuzi 38.3 au zaidi, au tezi za shingo zilizovimba, au usaha juu ya findo, au kipimo kilichoonyesha streptokoka. Watoto wa namna hiyo waliokatwa findo waliumwa mara chache kuliko wenzao katika miaka miwili iliyofuata. Lakini wasiokatwa nao walipata nafuu kubwa bila kisu, wengi wao wakapita mwaka wakiwa na shambulio moja au bila hata moja. Hesabu hizo za 7, 5 na 3 ndizo zinazofuatwa na madaktari hadi leo, pamoja na ushauri wa kungoja mwaka mmoja kwa mtoto ambaye hajazifikia. Kwa watu wazima, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kuwa waliokatwa waliumwa koo kwa siku 23 katika miaka miwili, na wasiokatwa siku 30. Faida ipo, ila si ya miujiza.

Mji nao ulikuwa ukikua. Viwanda vya nguo na vya kusindika, na mashamba ya mananasi, viliifanya Thika kuwa mji wa zamu za usiku na mchana. Barabara Kuu ya Thika, yenye njia nane, ilifunguliwa mwaka 2012. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yakaanza kugeuka ploti, na ploti zikawa majumba ya ghorofa. Katika sensa ya 2019, Ruiru ilihesabiwa kuwa na wakazi 490,120 na Thika 251,407. Mji mdogo wa jana umeuzidi ule mkubwa karibu maradufu. Familia ya watu watano au sita katika chumba kimoja cha mtaa wa mabanda wa Kiandutu, Thika, madarasa yaliyojaa, matatu yenye madirisha yaliyofungwa kwa baridi ya Julai: kwa streptokoka, hayo hayana tofauti na bweni la Fort Warren.

Katika msimu huo wa baridi, Juni hadi Agosti, tukio moja hujirudia nyumba kwa nyumba. Mtoto anaamka usiku akilia, anakataa hata maji. Mama anawasha tochi ya simu, anamwambia apanue kinywa, anaukandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko. Findo zimeiva kama nyanya, na juu yake kuna vitone vyeupe. Asubuhi anakwenda duka la dawa, anaeleza alichoona, anapewa vidonge vya siku tatu kwa sababu hela zilizopo ndizo hizo. Siku ya pili mtoto anacheza. Vidonge vilivyobaki vinawekwa juu ya kabati vimngoje mwingine atakayeumwa.

Kila hatua katika hadithi hiyo inaeleweka, na karibu kila moja ina kasoro. Madoa meupe peke yake hayathibitishi bakteria, maana virusi navyo huyaleta. Mwaka 1981 daktari Robert Centor wa Marekani alitaja dalili nne za kupima pamoja: homa, usaha juu ya findo, tezi za mbele ya shingo zinazouma zikiguswa, na kukosekana kwa kikohozi. Mtoto mwenye makamasi na kikohozi huenda ana mafua ya kawaida, na dawa ya bakteria haimsaidii. Anahitaji maji, chakula laini, paracetamol na, kwa aliyekwisha kuwa mkubwa, kusukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Mwenye dalili zote nne anahitaji kuonwa na mganga siku hiyo hiyo. Akiandikiwa penisilini au amoxicillin ya kumeza, huwa ni ya siku 10 kamili; au huchomwa sindano moja ya penisilini ya kudumu, inayofaa zaidi pale ambapo hakuna uhakika kuwa dozi itamalizwa. Vidonge vya siku tatu hunyamazisha koo tu.

Lipo jambo linalopaswa kusemwa waziwazi hapa. Findo kukatwa si kinga ya moyo. Mtoto ambaye moyo wake umeshaguswa na homa ya baridi yabisi hulindwa kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, na wengine kwa maisha yao yote. Upasuaji wa vali ni ghali kupita uwezo wa familia nyingi, hata Hospitali ya Mater ya Nairobi imekuwa ikiandaa mbio za hisani kuwachangia watoto wenye maradhi ya moyo. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana na maradhi haya ya vali. Sindano inayoyazuia ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa.

Ni lini basi kisu kinahitajika? Hesabu za Paradise ni sababu moja. Ya pili ni jipu linaloota nyuma ya findo. Mgonjwa, mara nyingi kijana au mtu mzima, huumwa upande mmoja, hashindwi tu kumeza bali hata kupanua kinywa. Sauti yake huwa kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, mate humdondoka, na kimeo husukumwa upande wa pili. Hii ni dharura ya siku hiyo hiyo. Jipu hutobolewa na dawa hutolewa. Likirudi, kukatwa findo huzungumzwa. Ya tatu ni findo moja kukua haraka kuliko mwenzake bila maumivu, hasa pamoja na tezi za shingo, homa za usiku au kukonda. Hapo findo hutolewa ili ichunguzwe kama kuna saratani ya tezi, na kungoja ni kosa.

Sababu ya nne ndiyo ambayo katika nchi nyingi sasa imekuwa ya kwanza kwa watoto, nayo haihusu maumivu kabisa. Ni pumzi ya usiku. Findo kubwa, pamoja na vinyama vya nyuma ya pua, huziba njia ya hewa mtoto anapolala. Anakoroma kama mtu mzima, pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa, kifua kinahangaika bila hewa kuingia, kisha anashtuka kwa mkoromo mkubwa na kugeuka. Mchana anapumua kwa mdomo, anasinzia darasani au anakuwa mtundu kupita kiasi, anakojoa kitandani ilhali alishaacha, na haongezeki uzito. Mwalimu humwita mvivu. Ugonjwa ukiwa mkali na wa muda mrefu, moyo na mapafu huelemewa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, wa watoto 464 wenye umri wa miaka 5 hadi 9, ulionyesha kuwa waliokatwa findo na vinyama vya pua walilala vizuri zaidi na tabia zao zikatulia kuliko waliongojewa, ingawa karibu nusu ya waliongojewa nao vipimo vyao vya usingizi vilirudi sawa. Kwa mzazi wa kawaida, kipimo cha kwanza ni cha bure: kumrekodi mtoto kwa simu dakika chache akiwa usingizini na kumwonyesha mganga.

Tangu ugatuzi wa 2013, hospitali za umma za miji hii ziko chini ya Kaunti ya Kiambu. Ruiru ina hospitali ya ngazi ya 4, Thika ya ngazi ya 5. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019, imesogeza huduma za juu karibu na Ruiru kuliko Nairobi mjini. Hata hivyo upasuaji wa findo si wa dharura, na kwa hiyo ndio wa kwanza kuahirishwa kukiwa na msukosuko. Uliahirishwa katika siku 100 za mgomo wa madaktari, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Na Korona ilipofika mwaka 2020, madaktari wa koo duniani kote walisimamisha kazi zisizo za haraka, kwa kuwa pumzi ya mgonjwa ndiyo iliyokuwa hatari. Mtoto anayekosa hewa usiku hakupaswa kuwekwa foleni moja na mwenye koo la mara mbili kwa mwaka. Huyo wa kwanza anastahili kutangulizwa, na mzazi ana haki ya kudai hivyo.

Upasuaji wenyewe hufanywa mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kichwa kimeinamishwa nyuma, kinywa kimeshikiliwa wazi kwa chuma maalumu. Daktari huishika findo, hupasua utando unaoizunguka, huichambua kutoka kwenye msuli taratibu kama anayemenya chungwa bila kutoboa nyama yake, kisha hufunga au kuunguza mishipa inayovuja. Huchukua kama nusu saa au pungufu. Kabla yake huulizwa kama kuna mtu katika ukoo anayevuja damu kupita kawaida, na damu ya mtoto hupimwa inapobidi. Kwa maumivu, paracetamol na ibuprofen hutosha wengi. Dawa ya codeine haipewi watoto baada ya upasuaji huu, kwani Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2013 kufuatia vifo vya watoto waliokatika pumzi.

Maumivu hudumu wiki moja hadi mbili, na mara nyingi huzidi siku ya tatu au ya nne kabla ya kupungua. Masikio nayo huuma, ingawa hayana ugonjwa. Utando mweupe unaofunika kidonda si usaha bali ni kigaga cha kawaida. Mtoto anywe maji mara kwa mara na ale uji, viazi vilivyopondwa, hata chakula chake cha kila siku akiweza, kwa sababu koo linalofanya kazi hupona upesi. Hatari kubwa ni damu. Huweza kutoka katika saa 24 za kwanza, au kati ya siku ya 5 na ya 10 kigaga kinapobanduka, wakati ambapo familia imeshatulia na mtoto yuko nyumbani. Mtoto anayemeza mate mara kwa mara akiwa usingizini, au anayetapika vitu vyeusi kama masimbi ya kahawa, huenda anameza damu. Damu mbichi ikionekana, hata ikiwa kijiko kimoja na hata ikikoma yenyewe, apelekwe hospitali usiku huo huo, pasipo kungoja asubuhi.